Sahihi ya Baba Kwenye Kalenda

Nyumba Na. 14, Safu ya Pili,
Makazi ya Reli, Mughalpura,
Lahore.
27 Februari, 1955.

Mpendwa Shangazi Bilqis,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Baba Tanvir, Tanvir mwenyewe na Munira mdogo. Je, kikohozi kimepungua? Mwezi wa Desemba uliandika kwamba unyevu wa Chittagong haukuachi upumue vizuri, na tangu hapo Bibi huniuliza kila Ijumaa habari za kifua chako kana kwamba mimi ndiye daktari wako. Nikimwambia hakuna barua mpya, ananitazama kama niliyeificha.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Baridi inaondoka, machungwa bado yamejaa sokoni, na Mama amemaliza achari ya karoti na tanipu. Ametenga chupa mbili zako, atakayesafiri kuja huko atazibeba.

Telegramu yako ilifika Jumanne. Baba aliisoma akiwa amesimama mlangoni na kofia yake ya ofisini kichwani: WANASEMA INAYAT AMEUZA JINA LAKE. JE NI KWELI. Aliikunja akaiweka mfukoni, akaenda kula chakula cha mchana. Asubuhi ya leo ameniambia, "Mwandikie shangazi yako. Mweleze yote, usipunguze kitu." Nilimuuliza kama si vizuri zaidi aandike mwenyewe. Akasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wake. Kwa hiyo naandika, ingawa ukifika mwisho wa ukurasa huu utaona kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho katika nyumba hii anayestahili kukabidhiwa kalamu. Nitakwenda kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho hutanielewa.

Maisha ya Baba ya tenisi unayajua kuliko mimi. Bibi amenisimulia kwamba wewe ndiye uliyemrushia mipira ya kwanza, kwenye ukuta wa karakana ya reli, kabla hujaolewa. Unajua kwamba reli ilimwajiri ukarani wa mizigo akiwa na miaka kumi na minane kwa sababu ilitaka timu ya kuwashinda polisi. Unajua kwamba alitwaa ubingwa wa Punjab mwaka 1949 na 1951, na kwamba fainali ya taifa ameifikia mara mbili na kushindwa mara mbili. Lakini pengine umesahau, kwa kuwa uko mbali, kwamba katika miaka hii kumi na sita hajavuka mpaka hata mara moja kwa ajili ya tenisi. Mwaka 1952 alichaguliwa, Babu akafariki wiki ile ile, naye akarudisha tikiti.

Sasa ana miaka thelathini na minne. Mwezi wa Januari Chama cha Tenisi kilitangaza wachezaji wanne watakaokwenda kushindana Colombo mwezi wa Machi, na jina lake lilikuwa la pili. Mama, ambaye siku zote huita tenisi "mke mwenzangu", alikwenda mwenyewe sokoni Anarkali kununua sanduku la safari.

Baba Tanvir ni mtu wa kriketi, basi labda hujui kanuni. Baba ni mchezaji wa ridhaa. Maana yake anafanya kazi hadi saa kumi, anacheza hadi giza, na hapati chochote. Mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kutia sahihi, kwa kujua, maneno yoyote ya kusifu bidhaa ya mfanyabiashara. Akifanya hivyo, anaweza kutangazwa kuwa mchezaji wa kulipwa, na akitangazwa hivyo, mlango unafungwa maisha yake yote. Hakuna ubingwa, hakuna Colombo, hata mashindano ya reli dhidi ya polisi hawezi kuingia tena.

Mimi kanuni hiyo sikuijua. Sisemi hivyo kujitetea.

Novemba iliyopita, katika nusu fainali ya Punjab, raketi ya Baba ilipasuka shingoni, na fainali ilikuwa baada ya siku nne. Baba alimpelekea habari Fundi Chiragh Din wa Sialkot, yule mzee anayemtengenezea raketi tangu kabla ya nchi kugawanywa. Fundi aliacha kazi nyingine zote. Alichukua fremu ya mforsadi aliyokuwa akiikausha mwaka mzima, akaifunga nyuzi kwa mikono yake, na siku ya tatu raketi ikaja kwa treni, imeviringishwa ndani ya shuka, kwapani mwa gadi. Baba aliilipia kama mteja yeyote. Akatwaa ubingwa kwa raketi hiyo, mara ya tatu.

Kesho yake aliniambia, "Shaista, mwandikie Fundi mistari miwili ya shukrani, nitatia sahihi."

Wiki ile ile, Shangazi, Mwalimu wetu Bi. Amtul alikuwa akitufundisha barua za shukrani. Alituambia kwamba kumshukuru mtu aliyekuzidi umri kwa maneno machache ni kama kumkaribisha mgeni ukamwacha asimame mlangoni. Kwa hiyo sikuandika mistari miwili. Niliandika ukurasa mzima, kwanza kwenye daftari la insha, Bi. Amtul akasahihisha, kisha nikanakili kwenye karatasi nzuri. Niliandika: "Ushindi huu ni wako, mimi niliubeba tu. Mkono wangu ni mgeni katika nyumba uliyoijenga wewe. Katika nchi nzima, kuanzia Peshawar hadi Chittagong, hakuna raketi nyingine yenye uhai ndani yake." Chittagong niliiweka kwa sababu yako.

Baba alitia sahihi wakati wa chai ya asubuhi. Mkono mmoja ulikuwa na mkate, na mimi nilikuwa nimechelewa shule, basi nikakimbilia viatu vyangu.

Mwishoni mwa Januari, Kapteni Haroon, katibu wa Chama, alikwenda kunyolewa. Kinyozi alikuwa amekwisha kumpaka povu shavu moja, Kapteni alipoona ukutani kalenda ya mwaka mpya yenye jina la Fundi Chiragh. Juu kulikuwa na picha ya milima yenye theluji. Chini yake, kwa herufi nyekundu, yalikuwa maneno yangu ya Peshawar hadi Chittagong. Na chini ya maneno hayo ilikuwa sahihi ya Baba, ile yenye mkia mrefu, imepigwa chapa kama ilivyo. Wanasema Kapteni alitoka dukani na povu lake, kalenda mkononi, kinyozi akimfuata kwa wembe na kumwita, "Sahib, shavu! Sahib, shavu!"

Siku mbili baadaye tarishi wa Chama alileta barua. Baba alitakiwa kufika mbele ya kamati Alhamisi tarehe 17 ya mwezi huu wa Februari, siku nne kabla ya mashindano ya taifa kuanza.

Jioni ile Bwana Sharif, mkuu wa ofisi ya mizigo, alikuja kumshauri Baba. Mimi nilikuwa napeleka chai, ndiyo maana nilisikia.

"Inayat, sema sahihi si yako. Nani atabisha?"

"Itaonekana Fundi ameghushi."

"Kwani Fundi anakwenda Colombo?"

"Atafunguliwa kesi, Sharif Sahib. Mzee wa miaka sabini."

"Haya, basi sema ulitia sahihi bila kusoma. Sisi pale ofisini tunatia sahihi mia kwa siku bila kusoma, na treni zinatembea!"

Baba akamsogezea kikombe. Alimuuliza kama chai inahitaji sukari zaidi.

Jumapili Fundi Chiragh alifika mwenyewe kutoka Sialkot. Sijawahi kumwona mtu mzima katika hali ile. Alikuwa na furushi kubwa begani, na ndani yake kalenda mia na themanini alizozikusanya nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akiomba radhi kila mlango. Kalenda alikuwa amezipiga chapa mkwe wake, Yaqub, kwa nia njema, bila kumwambia.

"Mimi sijui kusoma, Inayat," alisema, akikataa kuketi. "Barua yako nilisomewa mara nne. Katika maisha yangu sijawahi kuandikiwa barua na mtu. Nikamwambia Yaqub, maneno haya hayafai kukaa kwenye sanduku. Yeye akadhani nimemtuma. Kosa ni langu, nipeleke kwao niseme."

"Kaa ule kwanza, Fundi," Baba alimwambia. "Kosa halikimbii."

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilijua kwamba kosa halikuwa la Fundi, wala la Yaqub, wala la Baba. Na kwamba hakuna hata mmoja wao atakayenitaja. Baba angeweza kuniita siku yoyote katika siku zile na kuniambia, umeniponza. Hakufanya hivyo. Alikwenda kazini, akarudi, akafanya mazoezi, akaniuliza hesabu zangu za aljebra zinaendaje. Hilo lilinichoma kuliko kupigwa.

Jumatano nilimwambia Bibi. Alikuwa uani akimenya njegere juani. Alinisikiliza mpaka mwisho, njegere zikiendelea kudondoka.

"Uliambiwa mistari miwili," akasema, "wewe ukapika pilau ya harusi."

"Nifanye nini, Bibi?"

"Daftari lako liko wapi? Lile lenye wino mwekundu wa mwalimu?"

"Liko shuleni."

"Kesho usirudi bila daftari. Na umwambie mama yako anipigie pasi burka."

Alhamisi, Baba alitangulia kwa baiskeli. Bibi na mimi tulifuata kwa gari la farasi, naye njia nzima alimgombeza mwenye farasi kwamba anaendesha kama anayepeleka mayai. Kwenye veranda ya klabu mlinzi alitusimamisha. Alisema wanawake hawaingii kwenye kamati.

"Nani mwanamke?" Bibi akamuuliza. "Mimi ni mama wa mshtakiwa. Sogea."

Akasogea. Wewe unamjua mama yako.

Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Tufail, mwenye nyusi nyeupe kama pamba. Kalenda ilikuwa mezani, imetandazwa, imewekewa vikombe pembeni isijikunje. Baba alikuwa amesimama. Alipotuona uso wake ulibadilika, nikadhani atatuambia tutoke. Bibi alikwisha kuvuta kiti.

Jaji aliuliza sisi ni nani. Bibi alinisukuma mgongoni. Shangazi, sikumbuki nilitembeaje hadi mezani. Nakumbuka tu kwamba nilisema jina langu na darasa langu kama tunavyofanya mbele ya mkaguzi wa shule, kisha nikafungua daftari na kusema, "Mheshimiwa, barua hiyo niliandika mimi. Ilikuwa zoezi la shule."

Jaji alilisoma daftari polepole. Yale maneno ya kwenye kalenda yalikuwemo yote, na pembeni wino wa Bi. Amtul na tarehe yake: "Alama tisa kwa kumi. Sifa zimezidi kidogo aya ya pili." Alimpa jirani yake, naye akampa jirani yake. Mmoja alifunika mdomo kwa leso. Kapteni Haroon, ambaye ndiye aliyeleta mashtaka, aliangalia dari, nikaona mabega yake yanatulia. Sidhani kama alikuwa anapenda kazi ile.

"Binti," Jaji akasema, "kanuni ina neno moja muhimu. Inasema 'kwa kujua'. Sikiliza swali langu vizuri. Baba yako aliisoma barua hii kabla ya kutia sahihi?"

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Baba hutia sahihi tu. Alikuwa anakunywa chai."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Naapa, Shangazi, sikusema uongo.

Jaji alichukua kalamu. Chumba chote kilikuwa kama kimeshusha mzigo, na Bibi alianza kunong'ona shukrani kwa Mungu chini ya burka. "Basi kwa kumbukumbu tu," Jaji akasema, tayari anaandika, "Bwana Inayat, ndivyo ilivyokuwa?"

Niligeuka kumtazama Baba. Alikuwa ananitazama mimi, si Jaji.

"Bwana Inayat?"

"Samahani, Jaji Sahib," Baba akasema. "Mtoto amesema anachokijua. Alikuwa amekwisha kutoka, anatafuta viatu. Niliisoma."

Kalamu ikasimama.

"Niliisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mama yake kwa sauti. Niliona ni barua nzuri, nikaona fahari, nikatia sahihi. Na kila neno lilikuwa kweli, isipokuwa la Chittagong. Huko sijafika, ninaye dada tu."

"Unaelewa unachosema?" Jaji alimuuliza, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kuitikia tu."

"Ningeweza, Jaji Sahib. Lakini mwanangu yuko hapa."

Walitutoa nje ili washauriane. Tulikaa kwenye veranda karibu nusu saa. Kwenye uwanja wa majani wanachama wawili wanene walikuwa wanacheza na kucheka, mpira ukienda huku na huku, na kila ulipogonga raketi mimi nilishtuka. Bibi hakumgombeza Baba. Alitoa karanga kwenye mfuko wake akampa, kama mtoto anayesubiri zamu kwa daktari, naye akazila moja moja. Mimi nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Kwa kuwa Baba hakupokea chochote, na hakujua kwamba barua itapigwa chapa, hatangazwi kuwa mchezaji wa kulipwa. Anabaki mchezaji wa ridhaa. Lakini kwa kuwa alitia sahihi kwa kujua, hatacheza popote kwa miezi sita. Nafasi yake ya Colombo atapewa kijana Lodhi, mwanafunzi wa chuo mwenye miaka ishirini na moja.

Baba aliwashukuru. Aliwapa mkono wote watano.

Kwenye gari la farasi, baiskeli imefungwa nyuma, nilimuuliza kwa nini hakuniacha niseme nilivyosema.

"Ile barua ilikuwa nzuri, Shaista," akasema. "Bi. Amtul amekunyima alama moja bure."

Tangu hapo hakuligusa tena jambo hilo. Lakini mjini liligeuka. Wewe umesikia huko Chittagong kwamba ameuza jina lake; hapa Lahore nimesikia kwamba alipewa baiskeli, kwamba alipewa kiwanja Sialkot, kwamba atacheza sarakasi. Msichana mmoja darasani aliniuliza kama tutahamia nyumba kubwa. Mama aliacha kwenda kisimani wakati wanawake wengine wapo.

Jumatano iliyopita, mashindano yakiwa yameanza, Kapteni Haroon alikuja nyumbani kwetu. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema Chama kina upungufu wa waamuzi wa mstari kwa fainali, wenye macho mazuri ni wachache, na Jaji amesema adhabu ya Bwana Inayat ni kutocheza, si kutokaa.

Mama alikuwa ameweka chai mezani kwa kishindo. "Mmemkataza kucheza, sasa mnataka akae juani bure?"

"Mama Shaista," Baba akasema, "sisi wa ridhaa kazi yetu ndiyo hiyo, kukaa juani bure."

Kapteni alicheka kabla ya kujizuia, halafu akawa mwekundu hadi masikioni.

Jana ilikuwa fainali. Baba alinichukua. Alipewa kiti cha mwisho wa uwanja, mstari wa nyuma, naye alivaa suti yake ya ofisini, mikono magotini, mgongo wima. Mimi nilikuwa safu ya tatu nyuma yake. Waliocheza ni Lodhi, yule yule aliyepata nafasi ya Baba, na Afzal wa Peshawar. Watu walikuwa wengi hata juu ya miti ya barabarani, na karibu wote walikuwa wa Lodhi kwa kuwa ni kijana wa Lahore.

Nyuma yangu walikaa wanaume wawili wakila machungwa. Mmoja alisema, "Yule kwenye kiti, si ndiye yule wa kalenda?"

"Ndiye. Leo sijui kauza mstari kwa nani."

Nilitaka kugeuka. Nilikumbuka kwamba Baba yuko mbele yangu hawezi kugeuka, nikakaa.

Ilifika seti ya tano, michezo minane kwa saba, Afzal akihitaji pointi moja tu. Walipigana mpira mrefu, nadhani mapigo ishirini au zaidi. Afzal akasogea kwenye wavu, na Lodhi akaupiga mpira wa juu, juu kabisa, ukapita kichwa cha Afzal na kushuka kwenye kona, miguuni mwa Baba. Uwanja mzima uliinuka ukipiga kelele, kwa sababu ulikuwa mpira mzuri ajabu. Mwamuzi wa kiti cha juu alikuwa na jua machoni. Alimgeukia Baba.

Baba alinyosha mkono. "Nje."

Sijui nikuelezeje kelele zile, Shangazi. Watu walipiga mluzi, waliita "Mwongo!", ganda la chungwa liliruka likaangukia karibu na kiti chake. "Kalenda! Kalenda!" Baba hakusogeza hata kidole. Mkono ulibaki umenyoshwa, mahali pale pale.

Lodhi alisimama mstarini, mikono kiunoni, anahema. Alikuwa na haki ya kumwomba mwamuzi mkuu pointi irudiwe, na kwa kelele zile angepewa. Alimtazama Baba kwa muda mrefu. Baba alimtazama yeye.

Kisha Lodhi akawageukia watu, akainua raketi hadi wakapungua sauti.

"Kaeni chini," akapaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika. "Inayat Sahib akisema nje, ni nje."

Akaenda kwenye wavu kumpa Afzal mkono. Alikuwa amepoteza ubingwa wa taifa.

Nilisikia bendera ikipigwa na upepo. Halafu mtu mmoja alianza kupiga makofi upande wa jukwaa la mbao, na wengine wakafuata, na sikujua wanampigia Afzal, au Lodhi, au nani. Nyuma yangu yule mla machungwa alisema polepole, "Basi ilikuwa nje."

Baba alishusha mkono. Niliona kwa nyuma kwamba shingo yake ilikuwa imelowa jasho, yeye ambaye hakupiga hata mpira mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sijapunguza kitu. Adhabu inakwisha tarehe 17 Agosti. Mashindano ya reli ni Oktoba na ya Punjab ni Novemba. Nimesoma maktabani kwamba wako wachezaji waliotwaa ubingwa wakiwa na miaka thelathini na sita, hata thelathini na saba. Sikumwambia Baba, asidhani namhurumia. Lakini alfajiri ya leo, siku ya mapumziko, nilimsikia anatafuta viatu vyake vya kukimbilia. Mama alikuwa amekwisha kuviweka mlangoni.

Ukipata nafasi, mwandikie Baba. Usimtumie telegramu, tafadhali, telegramu haina nafasi ya kutosha kwa mtu kama yeye.

Bibi anakusalimu sana, naye anasema unywe maziwa ya moto na manjano kabla ya kulala, si baada. Mama anakusalimu. Nifikishie salamu kwa Baba Tanvir, na umwambie anaweza kuwasimulia wenzake wa ofisini niliyoyaandika hapa, kwa ruhusa yangu. Tanvir ajitahidi kwenye hesabu. Munira mbusu machoni kwa niaba yangu.

Mungu akulinde, akupe afya ya kifua na moyo, na atujaalie kuonana kabla sijamaliza shule.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye na kukukumbuka kila siku,

Shaista Inayat